Kuongezewa njia: maana yake, na hofu ya kuchanika uzazi wa pili

Leba zetu zina msemo ambao nadhani umewachanganya akina mama kuliko mkasi wenyewe: kuongezewa njia, yaani kukatwa kwa mkasi mlangoni mwa uke ili mtoto apite. Ukiusikia unadhani kuna kitu kimeongezwa na kimebaki, kama barabara iliyopanuliwa. Basi mimba ya pili ikiingia, mashauri yanaanza kugongana. Shoga anasema, "Wewe si ulishaongezewa? Safari hii mtoto atateleza tu." Wifi anatikisa kichwa: "Ukichanwa mara moja unachanwa kila uzazi, na pale pa zamani ndipo patakapofumuka." Wote wawili wamekosea, ingawa wifi kaukaribia ukweli zaidi.

Kati ya uke na njia ya haja kubwa kuna sehemu fupi ya ngozi na misuli, inaitwa msamba. Kichwa cha mtoto kikianza kuchungulia, msamba unavutika mpaka unakuwa mwembamba na kung'aa. Mkunga akiona ipo sababu, anachoma ganzi, anangoja uchungu upande, halafu anakata kwa mshazari kuelekea upande wa tako. Hakati kunyooka chini, kwa sababu mkato wa namna hiyo ni rahisi kuendelea kuchanika hadi kwenye misuli inayobana haja kubwa. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, anashona: ukuta wa uke kwanza, kisha misuli, mwisho ngozi, kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Kwa hiyo njia haikuongezwa. Ilikatwa, ikashonwa, ikapona, ikaacha kovu.

Kuchanika kwenyewe hupimwa kwa daraja nne. La kwanza ni ngozi tu, na mara nyingine halihitaji hata uzi. La pili limeingia kwenye misuli ya msamba. La tatu limegusa misuli ya haja kubwa, na la nne limefika ndani kabisa, kwenye utando wa njia ya haja. Kuongezewa njia, kwa kina chake, kunalingana na daraja la pili. Hapa ndipo hesabu za mtaani zinapopotosha. Wanawake tunahesabu nyuzi: "Mimi nilishonwa nyuzi saba." "Saba tu? Mimi kumi na mbili!" Lakini idadi ya nyuzi haisemi lolote la maana, maana mkunga mzuri anaweza kushona kidonda kizima kwa uzi mmoja usiokatika. Linalotakiwa kujulikana ni kidonda kilifika wapi. Kama hukuambiwa siku ile, ulizia kliniki mimba ikiwa bado changa, na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali uliyopewa wakati ule nenda nayo.

Mtindo wa kukata karibu kila mwenye mimba ya kwanza ulipata nguvu kutokana na daktari Joseph DeLee wa Chicago, aliyeupigia debe mwaka 1920. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mkato safi wa mkasi ni bora kuliko mchaniko wa ovyo, na unamlinda mama asiharibikiwe. Madaktari wakaiamini kwa miongo mingi. Watafiti walipokuja kulinganisha, mambo yakageuka: wanawake waliokatwa pale tu ilipobidi walipata michaniko mikubwa michache kuliko waliokatwa kwa mazoea. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika bayana kwamba kukata kwa mazoea hakupendekezwi kwa mama anayejifungua kawaida. Hata hivyo zipo wodi ambazo mkasi bado unatangulia fikra.

Turudi kwa wifi. Kovu halivutiki kama ngozi ya asili, hilo ni kweli. Utafiti mmoja wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 6,000 hadi uzazi wa pili. Kati ya waliokuwa wamekatwa uzazi wa kwanza, karibu nusu walichanika daraja la pili; kati ya wasiokatwa ilikuwa kama robo. Hesabu hiyo inatisha ukiisoma peke yake. Lakini daraja la pili linashonwa na kupona vizuri kwa wengi, na lile hasa linaloogopwa, la tatu na la nne, hupungua uzazi wa pili. Takwimu za Uingereza zinaonyesha takriban wanawake 6 kati ya 100 wanaojifungua kawaida mara ya kwanza hupata daraja la tatu au la nne. Kwa waliokwisha kuzaa, hawafiki 2. Misuli imeshapitiwa na kichwa mara moja, na muda wa kusukuma kwa kawaida ni mfupi.

Kwa hiyo kovu la zamani, peke yake, si sababu ya kukatwa tena, na wala si sababu ya kuomba operesheni. Sababu za kukata ni nyingine: mapigo ya moyo ya mtoto yameshuka na kichwa kipo mlangoni, au mtoto anavutwa kwa vakyumu au koleo. Ipo pia habari ya ukeketaji. Aliyeshonwa kabisa, kama inavyotokea kwa baadhi ya wanawake wa kaskazini mashariki mwa Kenya na Somalia, lile kovu la mbele hufunguliwa, na hilo lipangwe mapema badala ya kugunduliwa kichwa kikiwa kimeshafika.

Aliyefikia daraja la tatu au la nne ana mazungumzo tofauti na daktari. Uwezekano wa kurudia kwake ni kama 5 hadi 7 kati ya 100, yaani wengi hawarudii. Lakini kama tangu uzazi ule hewa inamtoka bila kuizuia, au haja kubwa inavuja kidogo kwenye nguo, aseme. Najua ni aibu kutamka. Huyo ndiye ambaye operesheni inaweza kuwa shauri la busara.

Yapo ya kufanya kabla. Kuanzia wiki ya 34 au 35, mama anaweza kuukanda msamba kwa vidole safi na mafuta yasiyo na manukato: gumba linaingia kidogo ukeni, linavuta chini na pembeni polepole mpaka aone kuungua kidogo. Kwa mimba ya kwanza inapunguza haja ya kukatwa. Kwa aliyekwisha kuzaa, faida iliyoonekana ni maumivu kupungua miezi mitatu baada ya kujifungua, na hilo si dogo. Siku yenyewe, kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba wakati wa kusukuma kinasaidia, na mkono wa mkunga ukikizuia kichwa kisitoke kwa kishindo. Kulala ubavu badala ya chali ni jambo la kuuliza. Mkunga akisema, "Usisukume sasa, hema!" mtii hata kama mwili mzima unakataa. Sekunde zile chache ndizo zinazoupa msamba nafasi ya kuvutika. Kukandamizwa tumbo ili mtoto atoke haraka hakushauriwi.

Nyumbani ni zamu ya bibi na maji ya kukandwa. Sigombani na bibi, ila maji yawe vuguvugu. Mshono uliovimba hauhisi moto vizuri, na nimeona malengelenge juu ya nyuzi. Chumvi si lazima. Maji safi yanatosha, kisha kukausha bila kusugua. Dawa za kupaka za jirani zibaki kwa jirani. Haja kubwa ya kwanza inaogopwa kuliko uzazi wenyewe: kunywa maji, kula papai na mboga, na ukiwa chooni shikilia pedi safi juu ya mshono. Harufu mbaya, usaha, homa, au mshono kuachia, ni kurudi hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka jana kwenye benchi la kliniki alikaa nami mama wa wiki ya 36, mimba ya pili, khanga kaikunja mapajani, anaifungua na kuikunja tena. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, pale pa zamani patafumuka?" Nikamweleza haya, si kwa ufasaha huu. Wiki tano baadaye simu ikalia, ujumbe: "Kilo tatu na nusu. Nimechanika kidogo pembeni, nyuzi mbili. Pale pa zamani pazima." Halafu, kwa herufi kubwa: "NIMEHEMA KAMA MBUZI."