Mjomba wa Kigoma si kosa: dhana potofu kuhusu kazi za kiangazi katika idara za ujasusi za Marekani

“Mwalimu, huyu mjomba wa Kigoma nikimruka tu kwenye fomu, nani atajua?” Aliyeniuliza hivyo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa amepata ahadi ya kazi ya kiangazi katika mojawapo ya idara za ujasusi za Marekani, akabakiza upekuzi, yaani uchunguzi wa maisha yake na watu wake. Ninawashauri wanafunzi kuhusu ajira katika chuo cha Marekani kilichozungukwa na familia nyingi zilizotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona ni afadhali nilijibu kwa maandishi.

Dhana yenyewe ni kwamba ndugu walio nje ya Marekani watakukosesha kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushughulika na siri za serikali, na kwa hiyo mwenye busara huwanyamazia. Kati ya yote ninayoyasikia, hili ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu wanaoliamini huwa ni vijana wasio na doa lolote ambao hujitengenezea doa kwa mkono wao wenyewe.

Ukishapewa ahadi ya kazi yenye masharti, hujaza fomu ya serikali kuu iitwayo SF-86. Sehemu ya 18 huuliza juu ya jamaa wa karibu: wazazi, ndugu wa tumbo moja na wa mzazi mmoja, wakwe na wengine wa aina hiyo. Sehemu ya 19 huuliza juu ya raia wa kigeni ambao umekuwa na mawasiliano nao ya karibu au ya kuendelea katika miaka 7 iliyopita, nanyi mnaunganishwa na upendo, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu. Hapo ndipo watu wetu wanapokwama, kwa kuwa fomu hii imeandikwa na watu ambao kwao baba ni mmoja. Baba mdogo na baba mkubwa, ambao nyumbani ni baba bila kuongeza neno, hawamo katika sehemu ya 18 isipokuwa kama walikuwa walezi wako. Wanaingia katika sehemu ya 19 ikiwa uhusiano wenu unafikia kipimo nilichokitaja. Binamu uliye naye katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambaye husikika siku ya Idi tu kwa picha ya mwezi na nyota, kwa kawaida hafikii kipimo hicho. Mjomba anayekupigia kila mwezi, nawe ukamtumia ada ya shule ya watoto wake kwa M-Pesa, anafikia bila ubishi, na sehemu ya 20 itakuuliza tena kama umewahi kumpa raia wa kigeni msaada wa fedha.

Je, akishaandikwa, amekuharibia? Vigezo vinavyotumika kuamua vipo hadharani tangu mwaka 2017, navyo ni 13. Kigezo cha B kinahusu ushawishi wa kigeni, na hakisemi kwamba kuwa na ndugu ng’ambo ni kosa. Kinauliza huyo ndugu ni nani, anafanya kazi gani, yuko katika nchi gani, na kama kuna uwezekano wa mtu kumtumia ili kukubana wewe. Kinatambua pia, upande wa pili wa mizani, kwamba mtu mwenye mizizi ya kina na ya muda mrefu Marekani anaweza kutegemewa kuitanguliza nchi hiyo. Mjomba anayechonga milango Kigoma, au shangazi aliyebaki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anaelezeka katika sentensi tatu. Sisemi kwamba kila mtu hupita. Nasema kwamba jambo hilo hupimwa.

Mjomba aliyefichwa ni habari nyingine. Hapo umehama kutoka kigezo cha B kwenda kigezo cha E, kinachohusu mwenendo na ukweli wa mwombaji, na swali si tena mjomba ni nani bali kwa nini ulimficha. Mpekuzi huzungumza na majirani, walimu na waajiri wako wa zamani, na katika idara kama CIA na NSA, ile inayonasa mawasiliano ya kigeni, utaketi pia mbele ya mashine ya kupima uongo. Kudanganya kwa makusudi katika fomu hiyo ni kosa la jinai la serikali kuu, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Aliyeacha jina kwa kusahau na alitaje mapema, kabla hajabanwa, maana vigezo vyenyewe huuhesabu usahihishaji wa hiari kuwa nafuu.

Nimeona pia vijana wakificha ndugu kwa aibu ya tarehe. Familia iliyopitia kambini huwa na watu 5 waliozaliwa wote tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyewaandikisha hakuwa na tarehe nyingine ya kuandika, na kijana huogopa kwamba hilo litaonekana kama ughushi. Fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba tarehe ni ya kukadiria. Kitumie, kisha eleza. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameukariri hata wanautania, ni daftari. Jumamosi moja ya mwaka wa kwanza, kaa na mama, andika majina kamili ya ndugu kama yalivyo katika hati zao, mahali wanapoishi, safari zako zote za nje za miaka 7, na kila anwani uliyoishi kwa miaka 10. Wasio na daftari huanza kumpigia bibi usiku wa manane.

Yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu. Grini kadi haitoshi. Ni lazima uwe raia wa Marekani, ingawa uraia pacha, kama ule ambao Kenya imeuruhusu tangu katiba ya 2010, haukuondoi wenyewe. Kabla hujakata tamaa, chunguza siku mzazi wako alipokula kiapo cha uraia: ikiwa wakati huo ulikuwa chini ya miaka 18, una grini kadi, nawe ulikuwa ukiishi Marekani chini ya malezi yake ya kisheria, sheria ya mwaka 2000 ilikufanya raia palepale, hata kama hukuwahi kuambiwa.

Kazi hizi zina mshahara, na anayekudai ada ya maombi ni tapeli. Hakuna anayetumwa Beirut na miwani myeusi. Kwa kawaida utakuwa Virginia au Maryland ukishughulika na hesabu, ramani, programu za kompyuta au uchambuzi, na simu yako itabaki nje ya jengo. Anayenijia mwezi wa Machi akitaka kiangazi kinachofuata amekwisha kuchelewa, kwa kuwa NSA, kwa mfano, kwa kawaida hupokea maombi katika vuli ya mwaka uliotangulia, na upekuzi huchukua miezi mingi. Bangi inayouzwa dukani kihalali katika jimbo lako bado ni haramu kwa sheria ya serikali kuu, kwa hiyo iache kabla ya kuomba, na ukiulizwa sema kweli.

Kiswahili chako ni mtaji, lakini hakikupi nafasi peke yake, na cha kuombea maji jikoni hakitoshi kuchambua hotuba. Kipo katika orodha ya lugha zinazopewa kipaumbele na Boren, ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, ambao hupeleka wanafunzi Tanzania kukisoma na huwadai utumishi wa serikali kuu wa angalau mwaka mmoja baadaye.

Mwisho ni suala la kutangaza, ambalo idara hizi huwataka waombaji wajizuie nalo. Mama mmoja aliniarifu kwamba alikwisha mwomba mchungaji dakika mbili za ushuhuda siku ya Jumapili. Nilimsihi aseme kwamba mwanawe amepata kazi ya serikali huko Virginia, jambo ambalo ni kweli, kisha akae chini.