Leseni ya fundi wa ndege haivuki mpaka, kitabu chako cha kazi ndicho kinachovuka

Mafundi wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi huniuliza: "Kaka, leseni yangu ya nyumbani naibadilishaje iwe ya EASA?", yaani ya mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya. Haibadilishwi. Hata kama umesaini ndege ziruke kwa miaka 15, Ulaya utafanya upya mitihani ya Part-66, kanuni yao ya leseni za mafundi. Kwa B1.1, yaani daraja la leseni la ndege za mabawa zenye injini za tabaini, ni moduli 13, na kila moja unatakiwa upate asilimia 75. Zote zikamilike ndani ya miaka 10.

Mitihani inasomeka. Wengi wanakwama kwenye uzoefu. Kama huna mafunzo ya ufundi yanayotambuliwa, unatakiwa kuonyesha miaka 5 ya kazi kwenye ndege zinazoruka. Ukiwa na kozi ya chuo chenye idhini ya Part-147, kanuni ya vyuo vya mafundi, ni miaka 2. Mwaka mmojawapo uwe wa karibuni. Na neno "kuonyesha" lina uzito, maana anayepitia maombi yako hajawahi kukuona ukishika spana.

Mstari mmoja mzuri wa kitabu changu cha kazi, ninamoandika kila kazi niliyoifanya kwenye ndege, una tarehe, usajili wa ndege unaoanza na 5H (wa Tanzania), sura ya ATA 32 (namba ya kimataifa ya kazi za magurudumu na breki), "kubadilisha breki, gurudumu kuu la kushoto, nje", namba ya kadi ya kazi, kisha saini na namba ya leseni ya aliyekagua. Mistari ya namna hiyo ilipita bila swali. Lakini kurasa za mwanzo niliandika "kusaidia ukaguzi" tu, bila saini. Nilipozirudia, karakana ile ilikuwa imefungwa na mkubwa wangu wa zamu hapatikani. Miezi 14 ya jasho langu haikuhesabiwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Anayelenga Uingereza ajue kwamba kule ni njia nyingine: tangu mwanzo wa 2023 leseni ya EASA pekee haitoshi kusaini ndege zao, inatakiwa ya UK CAA, mamlaka ya anga ya Uingereza.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, kaa na mkubwa wako mpitie kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kazi ziwe za aina mbalimbali: haidroliki, injini, mifumo ya usukani, siyo matairi na oili peke yake. Chukua barua ya karakana yenye muhuri na tarehe za kuanza na kumaliza. Piga nakala ya kila ukurasa, na kitabu chenyewe ubebe mkononi, usikiweke kwenye begi la mizigo.