Methadoni sio "unga wa serikali" jamani

Juzi kwenye daladala inayopita Mwananyamala tumekuta foleni ya vijana asubuhi nje ya hospitali wanasubiri methadoni, ile dawa ya kunywa ya kuwasaidia waachane na heroini, jamaa mmoja akaropoka "wale mateja wanafata unga wa bure wa serikali, kodi zetu hizo", gari zima likacheka. Sikujibu ila imenikaa kooni mpaka leo, acha niandike.

Eti methadoni ni unga, yaani heroini, kwa jina lingine. Ni kweli iko ukoo mmoja na heroini, hilo sibishi. Ila kete ya unga ikishapigwa baada ya masaa manne, matano, sita hivi arosto, yale maumivu ya mwili kuudai unga, inaanza kubisha hodi, ndo maana teja kutwa anahangaika, anang'oa taa za magari, anabeba sufuria la mama yake na wali umo ndani. Methadoni inapanda taratibu haimpi ile stimu, na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, anakunywa kikombe kimoja mbele ya mhudumu anaenda zake kazini. Na kwa sababu inanywewa hakuna bomba la sindano la kuchangia, hapo ukimwi na homa ya ini vinapungua. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata, sio kitu cha jana.

"Sasa mbona wanakunywa miaka haponi mtu?" Bi mkubwa wangu anameza dawa ya presha mwaka wa kumi huu hamna aliyemwita teja. Ukimkatisha mtu dozi haraka haraka wengi wanarudi maskani, na mjamzito ndo kabisa asiambiwe aache ghafla, mimba inaweza kutoka.

Halafu kuna ile ya "mpelekeni jela atanyooka". Hii inaua watu. Akikaa miezi bila unga mwili unasahau, akitoka anapiga kipimo kile kile alichozoea zamani, pumzi inakata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka jela, au hata soba (zile nyumba za kuachia unga), ndo za kumuangalia kuliko zote.

Na akizidisha msimnyweshe maziwa!! Maziwa hayafanyi kitu kwenye heroini, mtu hajitambui mnamjaza mapafu tu. Ukiona anakoroma kwa shida, midomo na kucha zimebadilika rangi, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali na mseme ukweli ametumia nini, maana kuna dawa inaitwa naloksoni inamrudisha, ila daktari sio mganga wa ramli akisie.

La mwisho hili watu hubisha sana. Arosto ya unga inatisha kuitazama, kutapika, kuhara, mifupa kuuma mpaka analia, ila mara chache inaua mtu mwenye afya yake, muhimu asikaukiwe maji. Pombe ndo hatari, mzee aliyekunywa gongo kila siku miaka ishirini ukimkatia ghafla anatetemeka, anaona wadudu ukutani, siku ya pili anaweza kushikwa na degedege akafa, na familia zinasema kalogwa. Kwahiyo mzee akisema naacha, mshukuruni Mungu halafu apelekwe hospitali kwanza apewe dawa za kumshusha taratibu, hiyo habari ya kumfungia stoo na ndoo ya maji hapana.