Fenomenolojia si "kila mtu na lake"

Nimeikuta tena, safari hii kwenye rasimu ya tasnifu: "Utafiti huu ni wa kifenomenolojia, hivyo unahusu maoni binafsi ya kila mhojiwa." Hapana! Fenomenolojia huchunguza jinsi mambo yanavyopata maana katika uzoefu wa watu, na maana hiyo si ya mtu mmoja tu. Alfred Schutz, aliyeiingiza katika sosholojia huku akifanya kazi benki Vienna, alianza kitabu chake cha 1932 na dhana ya mwanasosholojia Max Weber: maana ambayo mtendaji mwenyewe anakipa kitendo chake. Swali lake lilikuwa mtu mwingine anaijuaje maana hiyo.

Panda daladala ya Mbagala. Konda anachezesha sarafu kiganjani karibu na bega lako, kimya. Unatoa noti, anaikunja kwa urefu na kuibana katikati ya vidole, nawe unasubiri chenji. Jina lake hulijui wala yeye hajui lako. Unamjua kama konda, anakujua kama abiria, na mambo yanakwenda. Hizo ndizo Schutz anaziita aina: picha za jumla za watu tunazotumia kuwaelewa wengine. Asiporudisha chenji unakasirika. Hasira hiyo ni yako, hakuna wa kukasirika badala yako. Lakini isingekuwepo kama usingekuwa tayari unajua konda hufanya nini. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaitafuta nafsi nje ya aina, wakati hata uchungu wako wa faragha umesimama juu ya yale ambayo kila abiria anayachukulia kuwa ya kawaida.

Wengine husema basi aina ni ubaguzi tu. Si lazima. Aina hushikiliwa mpaka ionekane vinginevyo. Konda akigeuka na kusema, "Shikamoo mwalimu, ulinifundisha kidato cha pili," aina za abiria na konda zinayeyuka palepale. Mbaguzi ni yule ambaye hata baada ya salamu hiyo bado anaona konda tu.

Ninapokwama ni kwenye sharti la Schutz kwamba maelezo ya mtafiti lazima yaeleweke kwa mtendaji mwenyewe. Mwanafunzi mwenye sare anayezuiwa mlangoni kwa sababu nauli yake ni ndogo anaielewa vizuri sana aina aliyowekwa. Hakuichagua, na hata akijieleza haimtoki. Schutz ananipa namna ya kulieleza tukio hilo. Kwa nini aina anayoiweka konda ndiyo inayoshinda pale mlangoni, hanisaidii sana, na marekebisho ya nadharia yake niliyoyasoma mpaka sasa hayajaniridhisha.