Valvu ya Hewa ya Moto Haihukumiwi Injini Ikiwa Imezimwa

Wapo wanaofungua boneti ya gari la kabureta lililopoa, wakakuta kilango cha mdomo wa chujio la hewa kimeachia njia ya hewa baridi, kisha wakaamua kwamba valvu ya hewa ya moto, yaani kilango hicho na kifaa kinachokisogeza kuchagua hewa baridi au ya moto, imekufa kwa sababu injini baridi ilipaswa kuvuta hewa iliyopashwa na eksozi. Hukumu hiyo ni ya haraka. Katika mifumo inayotumia vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini inayozunguka, springi hurudisha kilango upande wa hewa baridi kila injini inapozimwa, kwa kuwa hakuna mvuto wa kukinyanyua.

Kipimo halisi huanza injini baridi inapowashwa: kilango kinapaswa kuziba hewa baridi mara moja, kisha kuiachia taratibu kadiri kihisi kilichomo ndani ya chujio kinavyopata joto na kupunguza mvuto. Kisipotikisika, chomoa mpira mwembamba unaoingia kwenye kiwambo cha valvu (utando unaovutwa na vakyumu na kunyanyua kilango), chomeka mwingine ulio safi, uvute kwa mdomo na kuziba ncha. Kilango kikinyanyuka na kubaki juu, kiwambo ni kizima, na kosa litafutwe kwenye kihisi au kwenye mipira iliyopasuka. Binafsi ningeanza na mipira. Valvu za nta, zinazosukumwa na nta inayotanuka ikipata joto badala ya vakyumu, ni habari nyingine: hizo hufuata joto lenyewe, hata injini ikiwa imezimwa.