Je, wajua? Meza za Malahide hazikuwa na kamera

Jamii inapogawanyika, dawa ya kwanza inayotajwa ni mdahalo: walete wahasimu mbele ya kamera, kila upande umwage hoja zake, wananchi wapime. Niliamini hivyo kwa miaka mingi. Niliamini pia kwamba kadiri watazamaji wanavyoongezeka ndivyo demokrasia inavyopata nguvu. Kisa cha Ayalandi ndicho kilichonigeuza.

Mtazame anayejibizana kwenye runinga. Uso umemwelekea mpinzani, lakini maneno yanakwenda kwa mashabiki. Akisema "hapo una haki", upande wake utamwita msaliti kabla hajashuka jukwaani. Kwa hiyo hasemi, hata kama moyoni ameshakubali. Linganisha na kikao cha mahari. Mjomba aliyeapa jana kwamba hapungui hata ng'ombe mmoja anaweza kushuka bila kuaibika, kwa sababu wanaomsikia ni wale wale anaotafuta kuelewana nao. Fungua mlango, mtaa mzima uingie kusikiliza, uone kama atapunguza hata mbuzi. Mjomba ni yule yule na hoja ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayetazama.

Sasa Ayalandi. Mwaka 1983 katiba yake ilibadilishwa ili mtoto aliye tumboni awe na haki ya kuishi sawa na mama yake, na tangu hapo suala la kutoa mimba likawa kidonda ambacho wanasiasa waliogopa kukigusa. Mwaka 2016 likaundwa Baraza la Wananchi: raia 99 waliopatikana kwa bahati nasibu, kwa kuzingatia umri, jinsia, tabaka na eneo, pamoja na mwenyekiti, Jaji Mary Laffoy. Walikutana katika hoteli moja ya Malahide, mji wa pwani karibu na Dublin, na suala hilo peke yake likachukua wikiendi tano hadi Aprili 2017.

Madaktari, wanasheria na makundi ya pande zote mbili walizungumza mbele ya ukumbi mzima, na hayo yalirushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Zilichezwa pia sauti zilizorekodiwa za wanawake 6 waliowahi kukabiliwa na uamuzi wa kutoa mimba au la, bila majina yao. Kisha matangazo yakakatwa. Zikabaki meza za duara, watu saba au wanane kila meza, na mwongozaji ambaye kazi yake ilikuwa kumpa mkimya nafasi na kumzuia msemaji sana asitawale. Hapo ndipo mtu aliweza kusema "sikuwa nalijua hilo" bila kuzomewa. Hata kura ya mwisho ilikuwa ya siri.

Asilimia 64 ya wajumbe waliopiga kura walitaka mimba iweze kutolewa bila mwanamke kudaiwa sababu. Tarehe 25 Mei 2018, kwenye kura ya maoni, asilimia 66.4 ya wapiga kura waliamua kukiondoa kifungu kile cha 1983.

Namba hizo zinakaribiana mno, na inashawishi kusema baraza ndilo lililoleta matokeo. Sithubutu. Kifo cha Savita Halappanavar mwaka 2012, aliyekataliwa kutolewa mimba iliyokuwa ikiharibika, kilikuwa kimeshawatikisa wengi, na wapiga kura zaidi ya milioni 2 hawakuketi kwenye meza yoyote ya Malahide. Bahati nasibu yenyewe nayo iliwahi kuchakachuliwa: mwanzoni mwa 2018, suala la mimba likiwa limekwisha, iligundulika kwamba wajumbe 7 wapya walipatikana kwa kujuana, wakaondolewa.

Baadaye baraza jingine lilijadili usawa wa kijinsia. Serikali ikaandika maneno yake yenyewe ya katiba badala ya yale yaliyopendekezwa na baraza kuhusu ulezi nyumbani, ikayapeleka kwa wananchi Machi 2024. Karibu asilimia 74 waliyakataa.