Wananchi Waitwe Kabla Rasimu Haijaandikwa

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kukusanya maoni kuhusu sera za chakula na lishe. Mingi inafanana: rasimu imeshachapwa, wataalamu wamepangwa meza ya mbele, na saa iliyochaguliwa ndiyo ambayo kina mama wako shambani au wanachota maji. Anasimama mzee mmoja msemaji, watu wanapiga makofi, karatasi ya mahudhurio inazunguka. Kesho yake ripoti inasema jamii imeshirikishwa.

Uhakika wa chakula una nguzo nne: chakula kiwepo, watu wakimudu, mwili ukitumie vizuri, na hali hiyo idumu mwaka mzima. Wizara huiona vizuri ile ya kwanza, kwa sababu magunia yanahesabika. Zile nyingine zinajulikana zaidi majumbani.

Ndiyo maana napenda kalenda ya msimu. Wanawake wanakaa peke yao, wanachora miezi 12 chini, na kwenye kila mwezi wanaweka vijiwe kulingana na chakula kilichopo nyumbani. Vijiwe vikianza kupungua, uliza swali moja tu: hapa nani hupunguziwa mlo kwanza? Kimya kidogo, halafu majibu yanamiminika. Utasikia kwamba ghala linaweza kuwa na akiba na mjamzito bado akala wa mwisho. Au kwamba mtoto analishwa mara mbili kwa siku kwa kuwa kisima kiko mbali na mama harudi mapema. Tatizo la pili dawa yake ni maji, na bajeti ya kilimo haiwezi kuligusa.

Brazili walikwenda mbali zaidi. Katika baraza lao la taifa la chakula na lishe, theluthi mbili ya wajumbe walitoka nje ya serikali. Sheria ya mwaka 2009 ikaagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa familia, na wazazi wana viti kwenye kamati zinazosimamia mpango huo. Januari 2019 serikali mpya ililifuta baraza; likarudi 2023.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni mrejesho. Sera ikishapitishwa, rudini palepale na orodha ya maoni: hili limeingia, hili limekataliwa, na sababu yake ni hii. Mkutano huo nao usiitishwe saa ya kuchota maji.